Mume wangu anasubiri kiwanja, mimi nataka tableti ya milioni 2.7

Shikamoo Mwalimu,

Naomba jina langu lisitoke. Nina miaka 31, naishi Mbagala na mume wangu na mtoto wetu wa darasa la pili. Kazi yangu ni kuchora, ila sishiki brashi wala turubai. Nachorea kwenye kompyuta. Napenda sana kuchora vitabu vya watoto na vya shule. Vitabu vikiadimika, nachora watu picha zao za harusi, za sendofu na za wazazi waliotangulia, wao wanaziprinti na kuzitia fremu. Picha moja ya namna hiyo nauza shilingi elfu 60. Mwezi mzuri nafika laki sita au saba. Mwezi mbaya, Mwalimu, tuuache.

Natumia tableti ndogo isiyo na kioo, ile unayochorea mezani huku macho yako laptopu. Niliinunua Kariakoo kwa elfu 150 nikiwa chuo, na yenyewe ndiyo iliyonilea. Ila sasa naona tumefika mwisho wa safari. Nikivuta mstari wa mshazari polepole unatoka na vimawimbi, hata nikizuia pumzi. Kalamu inateleza juu ya plastiki. Siku nyingine inagoma kujua kwamba nimeminya kidogo au sana: mstari mzima unatoka mnene, mpaka nizime laptopu na kuiwasha upya.

Mwezi wa tatu mchapishaji mmoja alinipa kurasa nne za majaribio za hadithi ya watoto. Mfululizo mzima ungekuwa vitabu sita. Nilizichora kwa moyo wote. Wakaziprinti, mhariri akaniita kuziona. Mwalimu, nilitamani ardhi inimeze. Ngozi za watoto zimekuwa za kijivu, na migomba niliyoipaka kijani kinachowaka imetoka kama imekaukiwa na jua. Mhariri akaniuliza kwa upole, "Dada, unatumia vifaa gani?" Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akasema tutawasiliana. Hadi leo kimya.

Nilipoeleza haya kwenye kundi letu la WhatsApp la wachoraji, kaka mmoja anayechora katuni za matangazo akaandika, "Na tableti ya mtoto utapewa kazi za watu wazima?" Watu wakacheka. Yeye ana Wacom Cintiq, tableti ya bei kubwa ambayo unachorea juu ya kioo chake.

Tangu hapo silali vizuri. Nimeulizia Cintiq 16, duka moja limenitajia milioni 2.7. Rafiki yangu mmoja ananiambia nisitupe hela, nichukue Huion Kamvas 13, inapatikana kwa laki 7 na elfu 80, na yenyewe unachorea juu ya kioo vilevile. Mwingine anasema sote tumechelewa, siku hizi watu wananunua iPad. Shemeji yangu aliyeko Dubai naye ameona Cintiq 22HD ya mtumba, kubwa kama televisheni, kwa bei inayokaribia hiyo Kamvas. Anasema nikimtumia pesa atampa mtu anayekuja.

Sasa pesa yenyewe. Kikoba chetu kinavunja mwezi wa 12 na fungu langu ni kama milioni 2.9. Mimi na mume wangu tulishakubaliana kwamba pesa hiyo inamalizia kiwanja chetu cha Vikindu. Nusu tumeshalipa. Nilipomgusia habari ya tableti hakunifokea, alisema tu, "Mama Fulani, si unachora kila siku na hiyo hiyo?" Nikakosa jibu, nikaenda kupika.

Nimefikiria hivi: nichukue pesa ninunue Cintiq, halafu nimwambie kikoba kimesogeza kuvunja hadi mwezi wa tatu. Kufikia hapo kazi zitakuwa zimeingia, nitairudisha. Najua linavyosikika. Lakini nikikaa hivi nitachora sendofu mpaka nizeeke. Hivi kweli ya bei ndogo na ya bei kubwa zinaachana kiasi hicho, au tunanunua jina? Na mume wangu nimfanyeje?

Mchoraji wa Mbagala

*

Marahaba, binti yangu.

Umeniletea mambo mawili ndani ya barua moja na umeyafunga pamoja kiasi kwamba ukivuta moja na jingine linakuja. La kwanza ni chombo cha kazi: hiki ulicho nacho unaona kinakuangusha, na mbele yako kuna vingine vinne vya bei zisizofanana. La pili ni ahadi uliyompa mwenzako juu ya pesa ya kikoba. Katikati yao kuna kurasa nne zilizotoka vibaya na kicheko cha watu kwenye simu. Nadhani hicho kicheko ndicho kinachokunyima usingizi kuliko vyote, kwa hiyo nitaanzia kwenye zile kurasa.

Mhariri alilalamikia rangi. Tableti yako, binti yangu, haijui rangi. Haina kioo. Inachoipelekea laptopu ni kalamu iko wapi, imeminywa kwa nguvu kiasi gani, na kwa baadhi ya tableti, imeinamishwa vipi. Basi. Rangi ulizichagua kwa macho yako kwenye kioo cha laptopu, na vioo vya laptopu nyingi za bei ya kawaida huonyesha takriban theluthi mbili tu ya rangi za kipimo cha sRGB ambacho wachoraji wa kompyuta hukitegemea. Kama mwanga wa kioo ulikuwa juu kabisa, hapo pia ulidanganyika: picha iliyong'aa kwako ikatoka na giza kwenye karatasi. Halafu kuna wino. Kioo hutengeneza rangi kwa mwanga wa nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa hutumia sayani, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK. Ule mgomba wa kijani kinachowaka ulioupenda kwenye kioo, kwa wino huo haupatikani, hata ungechorwa kwa chombo cha dola 3,500. Fundi cherehani hanunui mashine mpya kwa sababu mteja amesema kitambaa kimechuja.

Mhariri alikuuliza "vifaa", wewe ukasikia "tableti". Inawezekana alikuwa anauliza kioo chako ni kipi na faili ulilitoa kwa mfumo gani wa rangi. Na alisema mtawasiliana. Je, wewe umempigia? Ningekuwa wewe ningemwomba profaili ya rangi ya kiwanda chao cha uchapaji, yaani faili linaloeleza mashine yao hutoa rangi vipi, nikaiweka kwenye programu na kutazama picha zilezile nne zitakavyotoka kabla ya kumpelekea tena. Krita, programu ya kuchorea, ni ya bure, inajua CMYK na ina uwezo wa kukuonyesha picha kama itakavyochapwa. Kioo chako kibovu bado kitakuficha baadhi ya mambo, kwa hiyo utahitaji pia kuiprinti mahali panapoaminika. Hizo ni elfu chache.

Mistari yenye vimawimbi ni jambo jingine, na hapo huenda tableti kweli ina kesi ya kujibu. Mshazari wa polepole ndipo tableti za bei ya chini zimekuwa zikishikwa uongo kwa miaka mingi. Ila kabla hujaihukumu, chomoa chaja ya laptopu, uchore mstari uleule kwa betri. Tableti hizi husoma kalamu kwa usumaku wa umeme, na chaja mbovu au eksitensheni isiyo na ethi huleta fujo inayoonekana kwenye mstari. Kugoma kwa mminyo mara nyingi ni ugomvi wa draiva, ile programu inayoiwezesha laptopu kuielewa tableti. Kama laptopu yako iliwahi kuwekewa tableti ya kampuni nyingine, ondoa draiva zote, washa upya, weka moja ya karibuni kutoka kwa mtengenezaji. Jaribu pia kuwasha au kuzima Windows Ink, sehemu ya Windows inayoshughulikia kalamu, kwenye mipangilio. Kuteleza kuna dawa ya kienyeji: bandika karatasi nyeupe juu ya tableti kwa selotepu, kalamu itasoma chini yake bila shida. Ncha zitakwisha haraka zaidi, lakini mkono utapata msuguano wa penseli. Ukifanya yote hayo na vimawimbi vikabaki, umeshajua, na hakuna atakayekuambia unasingizia chombo.

Sasa swali lako la jina. Wacom ni kampuni ya Kijapani, ilianza mwaka 1983, na kwa miaka mingi ilishika hataza, yaani haki za uvumbuzi, za kalamu isiyohitaji betri. Wengine walilazimika kutia betri ndani ya kalamu, ikawa nzito na ya kuchajiwa. Hataza zilipokwisha muda, Wachina wa Huion na XP-Pen nao wakatoa kalamu zisizo na betri, na tangu hapo pengo limepungua mno. Anayekuambia bei ndogo ni ya kuchezea watoto anazungumzia hali ya miaka mingi iliyopita.

Lakini pengo halijafutika. Anayelipia Wacom kwa kawaida analipia mguso mwepesi kabisa unaosomeka tangu ncha inapogusa, mstari wa polepole usiotetemeka, kona za kioo zinazofanya kazi kama katikati, na chombo kinachodumu hadi ukichoke mwenyewe. Siku ukitaka kukiuza, mnunuzi anapatikana. Usichotakiwa kulipia ni namba zilizoandikwa kwenye boksi. Viwango 8,192 vya mminyo na viwango 16,384, mkono wa binadamu hauvitofautishi. Na bei si ushahidi wa kila kitu: Cintiq 16 iliyotoka mwaka 2019 iliuzwa Marekani kwa dola 649.95, na kioo chake hakikugandishwa moja kwa moja kwenye paneli inayotoa picha, kwa hiyo kulikuwa na nafasi ndogo kati ya ncha ya kalamu na mstari. Kamvas 13 ya bei ya chini yenyewe imegandishwa. Uliza duka ni toleo la mwaka gani wanalokuuzia kwa milioni 2.7.

Kuna kitu kingine ulichokichukulia kuwa kimeshaamuliwa: kwamba kupanda daraja ni kupata kioo. Hayo ni maamuzi mawili. Wachoraji wengi wa kulipwa hawataki kioo hata wakipewa. Wamezoea kuangalia mbele na shingo zao zinawashukuru, kwa sababu kioo cha kuchorea kinakuinamisha usiponunua na stendi yake. Ipo Wacom Intuos Pro isiyo na kioo, yenye kalamu ya daraja la Cintiq, ambayo kwa Marekani saizi ya kati imekuwa ikiuzwa chini ya dola 400. Wewe miaka yote hii mkono wako umejifunza kuchora bila kuutazama. Huo ni ujuzi, usiutupe kwa sababu kaka wa matangazo hana. Na huyo kaka, kwa heshima, muulize kama Cintiq yake aliinunua yeye au ni ya ofisi.

Ukichukua Kamvas, unapata kioo chenye rangi nyingi kuliko laptopu yako, na hilo linaigusa shida yako halisi. Kwa bei yako ya elfu 60 ni sawa na picha 13. Hatari zake: inchi 13 ni ndogo, vidirisha vya programu vinakula nafasi, rangi zake hutoka kiwandani zikihitaji kurekebishwa, na waya wake wa matawi matatu ukilegea utahangaika kupata mwingine. Cintiq ni picha 45. Kama mfululizo wa vitabu sita upo kweli na una mkataba, 45 si nyingi. Kama bado ni "tutawasiliana", basi utakuwa umenunua chombo cha kazi ambayo haijaja, na sendofu ndizo zitakazokilipa.

iPad ina raha yake. Umeme ukikatika Mbagala nzima wewe unaendelea, na Procreate, programu ya kuchorea ambayo iko kwa iPad tu, unainunua mara moja bila ada ya mwezi, na CMYK inaijua. Ila kalamu inauzwa peke yake, na ukubwa wa picha ukipanda idadi ya tabaka (layers) za kuchorea inashuka. Kurasa za vitabu huwa kubwa. Uliza mhariri anataka saizi gani kabla hujaipenda.

Ile ya Dubai inanitia wasiwasi kidogo, ingawa shemeji ana nia njema. 22HD ni ya mwaka 2012. Inatumia DVI, waya wa picha wa zamani, kwa hiyo laptopu yako itahitaji adapta. Kioo cha umri huo mara nyingi mwanga wake umefifia na kugeuka manjano, na wewe shida yako ni rangi! Watengenezaji nao huacha kuzihudumia tableti za zamani kwenye draiva mpya. Ikifika imekufa, utamrudishia nani? Kama bado inakuvutia, shemeji aiwashe, afungue ukurasa mweupe mtupu, avute mistari kuanzia kona hadi kona, na akutumie video kabla hujatuma hata senti.

Nimekaa sana kwenye vifaa kwa sababu nataka uende kwa mumeo ukiwa na jibu. Alikuuliza swali la haki, "si unachora kila siku na hiyo hiyo?", na halikujibiwa. Yeye anakuona kila siku umeinama unachora, pesa zinaingia, ataonaje kwamba kuna tatizo? Zile kurasa nne umemwonyesha? Nahisi umezificha, maana uliona aibu. Mtu aliyeona ngozi za kijivu na kusikia habari ya vitabu sita hatauliza swali lilelile.

Kuhusu kusema kikoba kimesogezwa, sitakuhubiria. Nakukumbusha tu kwamba kikoba kina wanachama, wanachama wana waume, na mwezi wa 12 mtaa mzima utajua nani kavunja na kachukua ngapi. Mpango wako pia unadai kwamba ifikapo mwezi wa tatu uwe umerudisha milioni 2.7, wakati mwezi wako mzuri ni laki saba kabla ya chakula na ada. Muuzaji wa kiwanja naye: mliandikishana nini? Kuna tarehe ya mwisho? Mkichelewa, nusu mliyolipa inarudi au inapotea? Hilo lijue kabla ya lolote, kwa sababu linabadilisha uzito wa kila chaguo nililokutajia.

Upande wa pili, hukuniambia michango ya kikoba ilitoka wapi. Kama ilitoka kwenye picha zako, una haki ya kusema mezani kwamba kazi inayolisha kikoba nayo ina matengenezo yake. Mnaweza kukubaliana sehemu ndogo iende kwenye chombo na kubwa Vikindu. Mnaweza kukubaliana kiwanja kwanza, halafu kuanzia mwezi wa kwanza kila picha ya elfu 60 iache elfu 10 pembeni. Mnaweza hata kukubaliana Cintiq na kumwomba muuzaji muda. Sijui mumeo ana moyo gani na sijui unavyojisikia ukikaa mezani asubuhi na tableti ile. Hayo mnayajua nyinyi wawili.

Kabla ya mazungumzo hayo, mtafute yule kaka faragha, umwombe saa mbili za Jumamosi kwenye Cintiq yake. Wachekao kwenye makundi mara nyingi ni wakarimu ana kwa ana. Beba moja ya kurasa ulizochapiwa. Vuta mistari yako ya polepole, chora jicho la mtoto kwa mguso mwepesi, fungua ukurasa uleule na uulinganishe na karatasi. Ukipata nafasi ya kuijaribu Kamvas wiki hiyohiyo, fanya hayo hayo bila kuangalia bei.

Kisha niandikie, hasa nataka kujua mhariri alijibu nini kuhusu profaili ya rangi.

Mwalimu